Mawe Saba, Makovu Manane

Katika mkoa wa Giresun, pwani ya kaskazini ya Uturuki, watu wamewahi kung'olewa meno kwa sababu ya tunda. Ugomvi ni wa jina la mkoa. Wapo wanaoshikilia kwamba limetokana na cheri, ambazo zinaota pwani hiyo tangu enzi ambazo hakuna anayezijua, na kwamba jemadari mmoja wa Kirumi aliibeba miche yake hadi kwao akaringia matunda kuliko ushindi. Wengine wanasema hayo ni maneno ya wauza matunda. Jina limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya pembe, kwa kuwa mji umekaa juu ya ncha ya mwamba iliyochomoza baharini. Vitabuni ugomvi huu huendeshwa kwa tanbihi. Kwenye mgahawa wa chai wa makao ya wilaya, mwanzoni mwa kiangazi cha mwaka 1962, uliendeshwa kwa stuli.

Mwuza dawa alikuwa wa cheri. Mwalimu mstaafu alikuwa wa pembe. Niyazi Keleş, mkulima wa miaka hamsini na saba aliyeshuka kutoka milimani kuchukua hati yake ya kuitwa shahidi, hakuwa wa upande wowote. Alikuwa anakunywa chai. Stuli ya mwalimu ilimkosa mwuza dawa ikampata yeye kwenye paji la uso.

"Hiyo ilikuwa ya cheri au ya pembe?" aliuliza Niyazi, damu ikimtiririka hadi kwenye sharubu.

"Ya pembe, ami yangu. Nisamehe, mkono uliteleza."

"Haya. Nitakumbuka."

Watu walicheka, lakini Niyazi hakuwa anatania. Kwake yeye pigo lilikuwa namna ya wino. Ndivyo alivyolelewa.

Mkoa wenyewe ni kipande chembamba cha pwani ambacho bahari imekibana upande mmoja na milima upande wa pili. Mashamba ya hazeli, miti ya kokwa, yamesimama wima kiasi kwamba mtu akisema jirani yake ameanguka kutoka shambani, hakuna anayeshangaa. Wanauliza tu ameangukia shamba la nani. Juu ya mashamba kuna msitu, juu ya msitu kuna ukungu, na juu ya ukungu kuna malisho ambako ng'ombe hupandishwa kiangazi. Huko ndiko watu wa mkoa huu huuana. Chini hakuna nafasi.

Serikali ilikuwa na ramani. Kulikuwa na mkuu wa mkoa, chini yake wakuu wa wilaya, chini yao majumbe wa vijiji, kila mmoja na muhuri wake. Lakini muhuri haufiki kwenye ukungu. Kijiji cha Lapsit kilipakana na kijiji cha Avgara kwa mawe saba, na kumbukumbu ya mawe hayo ilitunzwa kwa utaratibu ambao watu wa pande zote mbili waliuona wa akili kabisa: kila kizazi, mtoto mmoja mwenye kichwa chepesi alitembezwa kwenye mpaka, na kwenye kila jiwe akapigwa. Si kwa hasira. Alipigwa pigo tofauti kila jiwe, ili asije akayachanganya, na baada ya kila pigo alipewa yai la kuchemsha. Mtu hasahau alipoumizwa, walisema wazee, na hasahau alipolishwa.

Mwaka 1911 mtoto huyo alikuwa Niyazi. Alikuwa na miaka sita, na aliyempiga alikuwa baba yake, İdris. Tangu siku hiyo aliweza kuyaghani mapigo yale kwa mpangilio, kama mtoto wa madrasa, na kila harusi Lapsit walimsimamisha ayaghani, watu wakimpigia makofi: "Kofi, sikio, fimbo, nyusi, mkanda, mtaimbo, kidole, jino!" Kijiji kizima kiliyajua kwa moyo. Hakuna aliyewahi kuyahesabu.

Ila Niyazi mwenyewe.

Mawe yalikuwa saba. Jiwe la tano lilipaswa kuwa na pigo moja, la mkanda. Alipolipata aliinua macho, akaona chemchemi ya kunyweshea ng'ombe ikiwa chini yake, upande wa Lapsit, akasema kwa sauti ya mtoto anayetaka kusifiwa: "Baba, juzi jiwe hili lilikuwa kule chini." Maana juzi yake alikuwa amelala kwenye majani akichunga kondoo, akamwona baba yake na jozi ya maksai wakilivuta jiwe kupanda mlima hadi likaipita chemchemi. Wanaume wa Avgara hawakuwepo kuona. Walikuwa Yemeni, wakifa kwa ajili ya sultani.

İdris alikuwa na mtaimbo mkononi, ule ule aliong'olea jiwe. Alimpiga nao juu ya goti. Yai la jiwe la tano alilila mwenyewe, akiwa amewapa watu mgongo.

Niyazi alichechemea toka siku ile, na hakulisema tena jambo lile kwa mtu yeyote, isipokuwa mkewe Sakine, tena usingizini.

Wachache waliorudi Avgara kutoka Yemeni walilikuta jiwe juu ya chemchemi, wakasema limehama. Lapsit wakasema mawe hayana miguu. Mazungumzo hayo yaliendelea kwa miaka hamsini kwa majembe, miundu, na bastola ambazo mafundi wa pwani ile huzifua wenyewe majumbani. Mwaka 1938, Şükrü, mdogo wake Niyazi, alinywesha ng'ombe kwenye chemchemi akapigwa shoka la shingo na Hamdi Tufan wa Avgara. Kichwa hakikukatika chote. Niyazi alikishika kwa mikono miwili njia nzima ya kushuka, asubuhi nzima, kisikatike. Siku ya arobaini, baada ya hitima, alipanda tena, akamkuta Hamdi ameinama pale pale anakunywa maji, akampiga risasi tatu. Ya kwanza ilitosha. Mbili zilikuwa kwa ajili ya majirani waliokuwa wakitazama.

Alikaa gerezani Sinop miaka kumi na mmoja. Sinop ni mji mwingine wa pwani ile, nao una hadithi ya jina lake: eti ni la mwanamke aliyemhadaa mungu wa Wagiriki kwa kumlisha kiapo. Wafungwa waliona jina limefaa; wote mle ndani walikuwa wamelishwa kitu. Huko Niyazi alijifunza kusoma, na alipokuwa macho saa za mchana, ukutani pakiwa hapana cha kutazama, alipiga hesabu moja tu. Kama jiwe la tano ni la kweli, Şükrü alikufa kwenye maji yake, na Hamdi alilipwa alichostahili. Kama si la kweli, Şükrü alikufa akiwa mwizi bila kujua, na yeye Niyazi alimwua mtu nyumbani kwake. Akaamua ni la kweli. Aliamua hivyo kila siku kwa miaka kumi na mmoja.

Basi mwaka 1962 barua ikaja. Kamati moja ya mji mkuu, iliyokuwa ikivisafisha vijiji majina ambayo hayakusikika ya Kituruki vya kutosha, iliijulisha Lapsit kwamba kuanzia sasa inaitwa Çamlıbel, yaani mgongo wa misonobari. Msonobari wa karibu ulikuwa mwendo wa saa tano, lakini hiyo haikuwa hoja. Kibao kipya kilisimikwa njia panda, na wiki moja haijaisha kikawa na matundu arobaini na moja ya risasi. Nusu zilipigwa na Lapsit, kwa kuchukia jina. Nusu na Avgara, kwa mazoea. Tangu Yemeni vijiji hivyo havikuwa vimeshirikiana jambo.

Avgara, ambao jina lao bado lilikuwa kwenye foleni ya kubadilishwa, walikuwa na mtu mwenye akili, Rasim Tufan, mdogo wake marehemu Hamdi. Rasim alikwenda kwa wakili. Hati ya malisho, ya enzi za sultani, inasema mwenye malisho yaliyo chini ya mawe ni kijiji cha Lapsit, sivyo? Na Lapsit sasa kiko wapi? Kwenye orodha ya wilaya hakipo. Wakaenda mahakamani.

Hakimu, Bibi Nermin, alikuwa na miaka thelathini na kituo chake cha kwanza cha kazi, na alisoma hoja hiyo mara mbili. "Kijiji kikibadilishwa jina hakifi," alisema. Lakini aligeuza hati ile juu na chini. Ilisema mpaka una mawe saba. Yalipo, haikusema. Akaamuru mahakama ipande mlimani, na shahidi mkazi aonyeshe jiwe moja baada ya jingine. Ndiyo hati ya kuitwa shahidi ambayo Niyazi aliichukua mjini, ikiwa na tone la damu ya jina la mkoa.

"Utasema jiwe la chemchemi liko pale pale lilipo," alisema Zühtü, jumbe wa Lapsit, jioni ile nyumbani kwa Niyazi, huku akila mkate wa mahindi usiokuwa wake. "Kaka Niyazi, chemchemi ikienda, ng'ombe mia tatu watakunywa nini? Ukungu?"

"Nitasema kama nilivyofundishwa."

"Hapo sasa! Neno la mwanaume!" Zühtü aliinuka, akampigapiga begani, akaenda zake.

Sakine alimwaga maji ya kabichi nje ya mlango, karibu na visigino vya jumbe. "Ulivyofundishwa mara ngapi?" alimwuliza mumewe.

"Nyamaza, mama."

"Mimi nimenyamaza miaka thelathini. Wewe ndiye usiyenyamaza. Kila ukilala unamwambia baba yako juzi, juzi, juzi."

Siku ya siku hakimu alipanda juu ya nyumbu, amevaa buti za mumewe, na karani, wapimaji wawili na askari sita nyuma yake. Lapsit walikuja wote, wanaume mbele, wanawake nyuma na majembe, kwa maelezo kwamba wametoka shambani. Avgara nao wametoka shambani. Sajenti alikusanya bastola kumi na tisa kwenye gunia, akaambiwa kwa kiapo kwamba hakuna nyingine. Akaamini, kwa kuwa hakuwa na gunia jingine.

"Wewe ndiye shahidi?" aliuliza hakimu. "Hilo la paji la uso umelipata kwenye mpaka?"

"Hapana, Mheshimiwa. Hilo ni la jina la mkoa."

Karani aliuliza aandike nini. Hakimu akamwambia asiandike.

Walianza kwenye mwamba mkubwa. Niyazi alionyesha jiwe la kwanza na shavu lake. Kwenye la pili alionyesha sikio lililochanika. La tatu, akavua shati, ukaonekana mstari mweupe wa fimbo ya mhazeli. La nne, nyusi iliyogawanyika. Watu wa Avgara waliitikia kwa vichwa. Hapo hakukuwa na ubishi, nao walikuwa na mzee wao mwenye alama zake, aliyefariki mwaka juzi na kuzikwa na robo ya ushahidi wa wilaya. Kwenye la tano, juu ya chemchemi, Niyazi alionyesha alama ya bizimu ya mkanda mkononi, akataka kupita upesi.

"Ngoja," alisema hakimu. "Karani amechanganya. Nitajie yote kwa pamoja, aandike."

Niyazi angeweza kuyataja kwa makini. Lakini yale maneno hayakuwa ya kutajwa, yalikuwa ya kughani, na mdomo wake uliyajua kabla yake. "Kofi, sikio, fimbo, nyusi, mkanda, mtaimbo, kidole, jino!" Wanawake wa Lapsit walipiga makofi kwa mazoea.

Hakimu alikuwa anahesabu kwa vidole. Vya mkono mmoja vikaisha, akaendelea na mwingine, akasimama.

"Mawe saba," alisema. "Mapigo manane."

Ilisikika chemchemi.

"Jiwe gani lina mawili?"

"La tano, Mheshimiwa."

"Kwa nini?"

Niyazi alimtazama Zühtü, ambaye midomo yake ilikuwa inahesabu sasa, kwa mara ya kwanza maishani. "Nililia," alisema. "Baba aliniongezea kwa kulia."

"Jiwe la nne, nyusi ilipopasuka. Ulilia?"

"Hapana."

"La pili, sikio?"

"Hapana, Mheshimiwa. Sikulia."

"Kwa hiyo sikio limechanika hukulia, nyusi imepasuka hukulia, ukaja kulilia mkanda?"

Mtu mmoja wa Avgara alicheka. Rasim hakucheka. Alikuwa amesimama hatua kumi kutoka hapo, mtu mnene mwenye kikapu cha chakula begani, akimtazama Niyazi kama alivyomtazama siku ya hukumu, miaka ishirini na nne iliyopita. Niyazi alijua alichotakiwa kusema. Aliweza kudanganya kuhusu mengi, na Sinop alijifunza zaidi, lakini kuhusu mapigo hakuwahi kudanganya hata mara moja. Hakuwa na mali nyingine.

"Nilipigwa kwa sababu nilisema neno," alisema.

"Neno gani?"

"Nilisema, baba, juzi jiwe hili lilikuwa kule chini."

"Chini wapi?"

Alinyoosha kidole, kile kilichovunjwa kwenye jiwe la sita, kwa hiyo kilielekea upande kidogo. Ikabidi ateremke mwenyewe kuonyesha. Hakufika. Mkongojo wa Zühtü ulimpata kisogoni.

"Mwana haramu! Unamwuza baba yako kaburini!"

Wa pili alikuwa binamu yake. Wa tatu hakumwona. Alisikia ubavu ukilia kama kuni mbichi, akaona jembe likipita mbele ya jicho na kurudi jekundu, akasikia mtu akisema, "Şükrü! Hii ni ya Şükrü!", na akafikiri kwamba huyo ana haki. Avgara waliingia, si kumwokoa, ila kwa kuwa walikuwa hapo na Lapsit walikuwa wamewageuzia migongo. Bastola ambazo hazikuwepo zilitokea. Mpimaji mmoja alipigwa risasi ya paja. Mtu wa Lapsit alikaa chini polepole akiwa ameshika tumbo, na hakuinuka tena. Nyumbu wa hakimu alikufa. Sajenti na watu wake walifyatua hewani mpaka hewa ikawatosha, kisha wakafyatua chini, na hapo ndipo kila kijiji kilipokumbuka kwamba kina shamba.

Sakine ndiye aliyekuwa wa kwanza kumfikia mumewe, jembe lake mkononi. Damu iliyokuwa kwenye jembe haikuwa ya Niyazi. Jumbe Zühtü alikuwa mlimani akiulilia mkono wake. "Umemaliza?" alimwuliza mumewe. "Leo utalala kimya?"

Niyazi alikuwa ameporomoka mlimani, akisukumwa na mateke, hadi alipokwama. Alipoketi alijikuta kwenye shimo pana la kina kifupi lililoota nyasi za rangi tofauti, kama linavyobaki shimo la jiwe lililong'olewa zamani. Chemchemi ilikuwa juu yake.

Rasim alishuka akamsimamia.

"Hamdi alifia wapi?"

"Pale juu. Kwenye maji."

"Upande wa nani?"

"Wenu."

Rasim alifikiri. Halafu alimpiga ngumi moja, ya nguvu zote, pua ikahama upande. Sakine aliinua jembe, lakini Niyazi alimzuia kwa mkono uliobaki mzima, maana aliielewa ngumi ile. Ilikuwa imepigwa kwa makini, mahali pake. Ngumi hiyo haikufanana na kofi wala fimbo wala mkanda wala mtaimbo; haingechanganywa na nyingine.

Rasim alishusha kikapu. Alipekua kwenye mkate na jibini, akatoa yai la kuchemsha, akaligonga kwenye kitako cha jembe la Sakine, akalimenya lote bila haraka, akampa.

Niyazi alilila kwa upande wa taya uliokuwa na meno. Hakimu alikuwa ameshuka kwa miguu, buti zimejaa matope, na karani nyuma yake akiandika. Mpimaji aliyebaki mzima alitazama shimo, akatazama nyasi, akatazama mtu aliyeketi katikati.

"Ami," alisema, "jisogeze kidogo. Nataka kupigilia kigingi."